Huko Chini Mashimo Hukutana

Baba yangu,

Sijakuamkia. Najua mtoto hamwandikii baba yake bila shikamoo, na Mama akiuona mstari huu atasema shule imeniharibu. Nimeiweka kando kwa sababu. Nisikilize kwanza.

Tangu duara lenu, lile shimo la dhahabu, lilipotitia baada ya mvua na tukakuzika Ushirombo, unanijia ndotoni. Umesimama ukingoni mwa shimo, umenipa mgongo, tochi imefungwa kwenye kofia yako na inawaka mchana kweupe. Mimi niko nyuma yako na chupa ya uji. Sisemi kitu, nawe husemi. Kisha kengele ya bweni inalia na wenzangu wanaanza kugombania ndoo.

Likizo iliyopita niliwaeleza nyumbani. Mama aliacha kupepeta mchele. "Tumtolee misa baba yako," akasema.

Baba Mdogo alikuwa anaziba pancha ya baiskeli. "Misa haikatazwi, shemeji. Ila kaka anataka kitu. Huyu ana jina la bibi yake. Avae bangili ya shaba ya mizimu, uone kama kaka hatatulia."

"Shuleni hawavai bangili."

"Avae mguuni, chini ya soksi! Nani atakagua soksi za mtoto wa watu?"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Halafu wote wawili wakanigeukia, wakaniuliza mimi mwenyewe naonaje. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Unanijua.

Nilichoshindwa kuwaambia ni habari ya kitabu. Mwalimu wetu wa Kiswahili hapa Shinyanga aliniazima, kwa sababu ananiona maktaba kila mapumziko. Ni cha Kiingereza, nakisoma na kamusi pembeni. Kinaeleza fikra za watu waliochunguza vina vya nafsi. Kinasema akili tunayoijua ni sehemu ndogo, kama uwanja uliofagiwa mbele ya nyumba. Chini yake kuna tuliyoyasahau na tuliyoyakataa, na tukilala hayo hupanda juu yakiwa yamevaa sura za watu. Kwa hiyo anayekujia ndotoni, hata awe na sura ya baba yako, huenda ni sehemu yako mwenyewe ambayo hujataka kuitazama.

Mwanzoni nilifurahi, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Kisha nikakifunga. Maana kama ni kweli, basi huji wewe. Ninayemwona ni mimi, nimevaa kofia yako. Mama ana misa yake na Baba Mdogo ana bangili yake, na wote wana mtu wa kumpelekea. Mimi nimebaki peke yangu mpaka usingizini.

Ndiyo maana sikusemeshi. Nikikuamkia ndotoni na usiitike, nitajua kwamba pale hapakuwa na mtu.

Kitabu kilikaa chini ya godoro wiki nzima kabla sijakirudia. Huko mbele kinasema kwamba chini ya nafsi ya mtu mmoja kuna tabaka jingine, ambalo halina mwenyewe. Ni la watu wote, waliopo na waliotangulia, na ndiyo maana watu wasiowahi kuonana huota nyoka yule yule na maji yale yale. Mwandishi anahangaika kurasa nyingi kulieleza. Mimi nilielewa haraka, kwa sababu ulishanieleza wewe, siku uliyorudi kutoka machimbo ya Geita, umekaa kwenye kigoda, miguu kwenye beseni.

"Juu kila mtu ana duara lake, Mayu. Kuna kamba, kuna mpaka, ukisogea unatukanwa. Lakini mwamba haujui mpaka. Unafuata mshipa wa dhahabu, na mwenzako anaufuata, siku moja unasikia nyundo upande wa pili. Mnatobozana, mashimo yanakuwa moja."

"Mnapigana?"

"Wajinga ndio wanapigana. Sisi tuligonga, tukanyamaza. Nikapaza sauti: shikamooni, wazee! Gizani wakajibu: marahaba, wezi nyie!" Ukacheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. "Kule chini huwezi kujua nani mkubwa. Anayeamkia kwanza ndiye anayetoka salama."

Na wewe ulipenda kuamkia kwanza. Kila ulipofika nyumbani ulisema, "Shikamoo, Mayu!" kwa kuwa nina jina la mama yako, na watu wote wakangoja niitike kama bibi kizee. Nami nikafunika uso kwa kanga ya Mama. "Sauti yake imebaki shimoni," ukawaambia.

Misa ilisomwa. Bangili iko chini ya soksi. Bado sijui kama anayekuja ni wewe au ni mimi, na naona hata kitabu hakijui, ingawa kinaongea kama kinajua. Hapa bwenini hakuna ninayeweza kumweleza haya. Lakini nyundo naisikia upande wa pili wa mwamba, Baba, na nimechoka kusimama na chupa ya uji mkononi, nimenyamaza.

Shikamoo, Baba.

Na jibu la shikamoo yako, nililokuwa nikilificha kwenye kanga: marahaba.

Binti yako,
Mayu