Mikanda ya Pua

Macon, Georgia, 3 Machi 1987

Kaka Dewitt,

Umeandikiwa na fundi mkuu wa Georgia nzima! Springi zikisikia mluzi wangu zinajipanga zenyewe. Hujambo lakini huko gerezani? Wasalimie na askari wanaosoma barua yangu kabla yako.

Mama mzima, anaimba kanisani mpaka popo wanahama. Dada Verlene ndiye anayeendesha gari lako la mashindano, na hana mpinzani, ila pale mwanzo. Taa ikiwa kijani matairi ya nyuma yanazunguka bure, moshi mtupu, wenzake washaondoka. Jumamosi Lucius, dereva mwenzake, kamwuliza, “Bibie, umekuja kushindana au kufukiza mbu?” Nirekebishe nini?

Mdogo wako, Royce

Gerezani, 12 Machi

Royce mdomo,

Sijambo, mgongo tu. Uzito haurudi nyuma, ndiyo maana matairi hayashiki. Shokomzoba za mbele zilegeze kwa mibofyo miwili ya skrubu zake, pua ya gari inyanyuke kidogo. Ile mikanda miwili inayozuia pua isipande kupita kiasi, usiiguse. Nikitoka Juni nimkute Verlene mzima, gari baadaye.

Kaka yako

29 Machi

Kaka, za huko?

Jana Verlene kashinda! Pua ilipanda shubiri moja, akaondoka kama kafukuzwa na nyuki. Lucius akaja, “Bibie, leo umekula nini?” Naye, “Kambare wa mama yako.” Watu walilala chini kwa kucheka.

Ila shubiri moja haipendezi pichani, na Jumamosi anakuja mpiga picha wa gazeti. Nina wazo. Usiniulize.

Mdogo wako, fundi mkuu

2 Aprili

Royce, salamu baadaye. Wazo gani? Nijibu upesi.

Kaka yako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini unakula. Kasisi wa hapa ndiye aliyeniambia: gari lilisimama wima, likapinda, likaangukia ukuta. Mmemzika Verlene bila mimi.

Nimehesabu mpaka kichwa kinauma. Mibofyo miwili ilikuwa mingi. Nimemuua dada yetu kwa kalamu, nikiwa nimekaa kitandani. Nimemwandikia Mama hivyohivyo, asije tena kunitembelea. Juni nikitoka sitarudi nyumbani. Wewe ndiye uliyebaki naye, mtunze.

Kaka yako

10 Mei

Kaka Dewitt,

Sijui nikusalimu vipi. Mama haimbi siku hizi. Barua yako aliisoma mezani, akaikunja, akasema, “Huyo mtoto na magari yake.” Mimi nilikuwa nakula. Nikaendelea kula.

Barua yako ya tarehe mbili ilifika Jumatatu, gari lishaanguka Jumamosi. Lakini hata ingewahi, sijui kama ningesikia. Mibofyo yako ilikuwa sawa, kaka. Mikanda niliifungua mimi, yote miwili, ili pua ipande juu picha itoke vizuri. Mikanda yenyewe iko chini ya godoro langu.

Kabla hajavaa kofia ya chuma Verlene aliniuliza, “Royce, umegusa kitu?”

Nikamwambia, “Fundi mkuu hagusi, anabariki.”

Akacheka, akafunga mlango.

Mama bado hajui. Nilimwacha akulaumu wewe.

Royce