Duara jeusi la Bingwa

Mwenzangu, uko? Acha unachofanya. Bingwa wetu ametetea tasnifu yake leo na bado siamini.

Mada yake si unaijua? Analigawa wimbi kuwa miale myembamba, yenye nguvu katikati na inayofifia pembeni, kisha anaijumlisha aone wimbi linavyotawanyika likigonga tufe la chuma. Miaka minne! Shahada yote iko hapo.

Kasimama na suti ya shemeji yake, kaonyesha picha: mawimbi, na duara jeusi katikati, ndilo tufe lenyewe. Kajieleza mpaka koo likamkauka.

Mama mtahini, mpole huyo, akauliza: "Mwanangu, mbona nyuma ya tufe hakuna kivuli? Mawimbi yamepita kama hayakuona kitu."

HAYAKUONA KITU! Ndipo Bingwa akakumbuka. Alilizima tufe kwenye programu ya kompyuta inayomkokotolea mawimbi, siku ya majaribio ya kwanza, na hakuliwasha tena. Lile duara alilichora juu ya picha mwenyewe, ipendeze 😭

"Basi umethibitisha," mama akasema, "kwamba pasipo kitu, mawimbi hupita."

Bingwa wetu akajitetea: "Lakini mheshimiwa, matokeo yanalingana kabisa na ya msimamizi wangu! Yale yaliyompa uprofesa!"

Yanalingana kabisa, na tufe limezimwa! Kasema kwa sauti, mbele ya watu!

Msimamizi akaanza kuhesabu taa za dari.

Mama akavua miwani taratibu. "Mwanangu, una miezi mitatu urekebishe. Profesa, wewe baki kidogo."