Picha ya Kibanda cha Uani

Hospitalini, Arusha
Mwezi wa nane

Dada yangu Rahabu,

Shikamoo dada. Mimi mdogo wako Zakaria ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia, na sababu utaiona. Baba anaendeleaje na miguu yake? Mama bado anakohoa asubuhi? Na Lukasi, kitindamimba wetu? Barua zako mbili za mwisho zimemtaja kila mtu wa nyumbani, hata ng'ombe aliyezaa, lakini yeye hayumo. Nilidhani umesahau. Hii isome peke yako, usimpe katekista aisome mbele ya watu.

Huku ni baridi kavu. Mlima Meru umejifunika wiki nzima, na vumbi la Kisongo linafika hadi wodini. Kazi yangu ya udresa ni ileile, kuwahudumia wagonjwa wa akili. Mke wa Bwana Daktari, Mzungu mwenye maneno mengi na moyo mzuri, aliwaza kwamba wagonjwa wachore picha, zitundikwe kwenye ukumbi karibu na soko, ili watu waone kuwa hawa wanaowaita wendawazimu ni binadamu wenzao, na aibu ipungue. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Karatasi zilikuwa za kufungia dawa, na rangi ilikuwa mkaa na ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda.

Kuna Mzee Anaeli, Mmeru aliyefungiwa na ndugu zake miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu. Yeye alichora kibanda nyuma ya migomba. Hakina dirisha, na komeo liko nje. Nilipokiona nilishtuka, dada, nikadhani amewahi kufika kwetu Ubena. Komeo kama lile nililichonga mimi wiki niliyoondoka, wewe ukinishikia ubao, na Lukasi akitutazama. Sijawahi kumwambia mtu huku.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama mmoja wa Kichaga mwenye duka la nguo alimshika mgonjwa mkono akamwambia, "Baba, kumbe unaweza hivi!" Nikaona yule mke wa Bwana Daktari alikuwa ameona mbali kuliko mimi. Lakini wakulima wa mlimani walipofika kwenye picha ya Mzee Anaeli, walirudi nyuma. Mmoja alivaa kofia yake akatoka. Kisha akaja mzee wa kanisa, koti safi, mtu mwenye kahawa nyingi huko juu. Aliitazama kwa muda, akanigeukia.

"Nani amewaonyesha uani kwangu?"

"Hakuna mtu, mzee. Hapa ndipo alipofungiwa mchoraji mwenyewe."

"Iondoe. Mimi sina mtu kule nyuma."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Watu wote walisikia. Mkewe alijifunika uso kwa khanga, akasema polepole, "Baba Elifasi, twende nyumbani."

Jumatatu Bwana Daktari alinituma mimi na nesi mmoja wa huko huko mlimani kwa mzee yule, tukawaambie kwa upole kwamba hospitali ina nafasi. Tulikaribishwa vizuri, tukapewa maziwa. Nesi alimjua binti wa nyumba ile, Nsianaeli, walipata kipaimara pamoja, na tangu hapo hajaonekana kanisani. Akamuulizia.

"Amekwenda kwa shangazi yake," mzee akasema.

"Shangazi yupi, baba?"

Mzee akatuongezea maziwa. Mama alikuwa akitazama kikombe chake tu. Tukaomba kuona uani. Kibanda hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na migomba mitatu michanga, udongo bado mbichi, umemwagiwa maji.

Njiani nesi alilia. "Zakaria, kwetu hakuna mtu anayepanda migomba kiangazi. Hakuna kabisa." Bwana Daktari amepeleka habari kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na sisi tunangoja. Mzee Anaeli hataki tena kushika mkaa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Katika barua yako ya mwezi wa saba uliniambia baba amepanda mianzi mipya nyuma ya nyumba. Nilifurahi, nikajisifu kwa wenzangu kwamba siku moja watakuja kunywa ulanzi, pombe ya mianzi ya kwetu. Jana nimeisoma tena. Dada, kwetu mvua haianzi hadi mwezi wa kumi na moja. Nani anapanda mianzi mwezi wa saba?

Naogopa. Labda najitisha bure, nawe utanicheka, na natamani sana unicheke. Siwanyoshei kidole, maana komeo ni langu. Wewe angalau ulikuwa ukimpelekea Lukasi ugali kibandani kila siku, mimi nilichonga nikapanda lori nikaondoka. Nimeomba ruhusa kazini. Wakinipa nakuja, wasiponipa nakuja.

Nisalimie mama, ila hii usimsomee. Nisalimie kaka yetu mkubwa na mkewe, na mjomba wetu mwalimu wa shule ya misheni. Baba mwambie tu kwamba nakuja.

Na Lukasi umpe salamu zangu wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kisha uniandikie amejibu nini.

Ni mimi mdogo wako,
Zakaria