Vanila ya Bukini Iliyozaliwa Msambweni

Athumani, mtani wangu,

Tangu ulipotuacha, pua ya kwanza kwa vanila katika pwani hii yote ya kusini ni yangu. Nifunge macho, nipe ganda moja tu, nitakwambia limetoka Bukini, Uganda au Ngazija, na kama aliyelichuma alikuwa amenuna.

Haya, cheka. Uongo mtupu. Jana nilifumba macho kweli, nikanusa ganda la Uganda, nikaapa ni la shambani kwako. Binti yako Mwanasiti aliinama akajifanya anafunga kiatu. Hakuwa amevaa kiatu.

Ngoja nikueleze, maana mambo si mazuri. Bakari anataka kuing'oa vanila. Mwanao huyo, tangu apate uaskari wa hoteli huko Diani, amekuwa na sauti ya geti. "Shamba la baba ni maua na maneno tu," anasema. "Nitajenga vyumba vya kupangisha." Fungu lake la urithi ni kubwa kuliko la dadake, sheria unaijua. Mwanasiti alimsihi: akipata hoteli ya kuinunua vanila, shamba libaki. Bakari akampa mpaka Ijumaa. Leo Jumatano.

Basi nikajitia kati. Nilipanda tuktuk hadi Diani, nikamwambia mpishi mkuu wa hoteli moja, kijana wa bara, kwamba tuna vanila ya Bukini.

"Vanila ya bikini, mzee?"

Nikamwambia ndiyo, nawe ukiivaa itakupendeza. Jiko zima liliangua kicheko. Lakini nilipomweleza kwamba Bukini ndiyo hiyo Madagaska yao, kicheko kilimkauka. Akasema atakuja kuinusa mwenyewe.

Sikuwa na nia mbaya, Athumani. Si wewe uliyeniambia vipande vya kwanza vya shina vililetwa na babu yako kutoka Bukini, vimeviringishwa kwa kanga mbichi? Mimi nikaona mmea ni kama mtu: ukizaliwa Mbukini, hata ukahamia wapi, utazikwa Mbukini. Mtu wa darasa la nne angewaza nini tena?

Jana mpishi akaja. Mwanasiti alitandika mkeka, akatoa maganda yako ya mwisho, yale uliyoyakausha kabla ya kulala kitandani moja kwa moja, bado yamo ndani ya blanketi lako kuukuu. Bakari alisimama mlangoni na panga, anajikunia mguu. "Nasikiliza tu," akasema.

Kijana alikuja na maganda yake, akatunusisha moja moja. La Bukini ni maziwa na sukari, kama utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. La Uganda lina kakao, na udongo ulionyeshewa sasa hivi. La Tahiti ni maua matupu, chumba cha biarusi. Hilo alisema ni la ukoo mwingine kabisa. Hayo mengine mmea ni mmoja, ila udongo, mvua na namna ya kukausha ndivyo vinavyoipa kila nchi harufu yake. Hapo nikaanza kutokwa na jasho. Nilikuwa nimemuuzia kabila, naye ananunua harufu.

Akachukua lako. Akanusa. Akalipasua, akanusa tena.

"Mzee, hii si ya Madagaska."

Bakari akacheka kwa pua. Nikafungua kinywa niape, Mwanasiti akaniwahi. "Ami, nyamaza." Akamgeukia mgeni. "Si ya huko, kaka. Shina lilitoka Bukini, lakini yenyewe imezaliwa hapa. Baba aliikausha kwa jua la hapa, na upepo wetu wa chumvi."

Kijana akarudisha ganda puani. Akasema linanukia tende, na nyuma ya tende kuna kitu asichokijua jina. "Nikiiandika, niiiteje?"

"Ya Msambweni," akasema binti yako, bila kulitazama panga.

Amechukua maganda machache ili akayajaribu kwenye aiskrimu. Jibu ni Ijumaa, baada ya swala. Hakuahidi chochote. Alipoondoka tu, Bakari akauliza, "Aiskrimu ndiyo itakayotulisha?" Sasa hivi ninavyokuandikia yuko uani ananoa. Mwanasiti hali, hanywi, anayapanga upya maganda yaliyokwisha pangwa. Mimi niliyelitania jeneza lako hadi shemeji akanitupia kandambili, leo sina hata mzaha mmoja wa kumpa.

Nakuahidi haya: sitalitaja tena jina la Bukini mbele ya mnunuzi. Na kila alfajiri nitakuwa na bintiyo shambani kuyaozesha maua kwa kijiti ili yazae maganda, hata hiyo alfajiri ya Ijumaa, mgongo upende usipende. Kwaheri, Athumani. Mola akupanulie hapo ulipo, maana ulikuwa mtu wa kujinyoosha.

Ila nina dai langu. Nilipokwenda kukuposea mama yao, niliwaapia wakwe zako kwamba hukoromi. Kwa kiapo kile ulipata mke, Mwanasiti, na huyo mwenye panga. Nilipe leo. Mtokee Bakari ndotoni. Usimhubirie, hukuwahi kujua. Simama tu kwenye mbono ule wa kwanza unaobeba vanila, umkoholee, kama ulivyomkoholea utotoni akisogea kwenye maua na fimbo.

Mara moja tu. Ataiacha vanila.

Mtani wako,
Mwinyi