Majora Kumi na Mawili na Jina la Mama Yako

Dukani, chumba cha nyuma,
Ijumaa, tarehe 14 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Amani na rehema za Mwenyezi Mungu zikufikie huko uliko, wewe, mkeo na wajukuu zangu. Je, kifua cha mkeo kimepona? Sisi tu wazima, namshukuru Mola. Goti langu hunisumbua ninaposujudu, lakini halijanizuia.

Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba mama yako, dada yangu wa tumbo moja, anaiba vitambaa dukani mwangu. Barua ile ilikuwa buhtani, kumzulia asiye na kosa. Naandika hii kuikanusha, na mkono wangu ni mzito.

Unaikumbuka programu ya hesabu uliyotuwekea kwenye kompyuta ulipokuja likizo, ile itolewayo bure, ambayo yeyote aweza kuifungua aone ilivyoundwa. Mimi ulinifundisha kuingiza mzigo, mama yako kuandika mauzo. Nami ni mtu wa daftari, sikuiamini. Nilijiambia kwamba kilicho wazi kwa watu wote, wote watakichezea.

Tulipohesabu mali, vitambaa vilivyokuwa rafuni vilipungua mita thelathini na moja kuliko programu ilivyosema. Nikamshuku yule anayeshika mita kila siku: mama yako, ambaye wateja humwita Mama Rula, kwa kuwa hazidishi kidole wala hapunguzi ukucha. Nikamtuhumu mbele ya fundi cherehani na wateja wawili.

"Kaka," akaniuliza, "mita thelathini na moja nimezificha wapi, kwenye kilemba?"

Fundi cherehani akacheka. Mama yako akaweka ufunguo wa duka mezani, akaenda zake. Jioni ile ile, hasira haijanitoka, nikakuandikia wewe.

Baadaye nikamwita fundi wa kompyuta anionyeshe mahali mama yako alipochezea hesabu.

"Mzee," akasema, "kilicho wazi ni namna programu ilivyoundwa, si hesabu zako. Humu kila aandikaye huacha jina lake."

Akafungua orodha ya mizigo. Majora kumi na mawili, kila moja la yadi thelathini kama karatasi ya kiwandani isemavyo. Nami kila moja nimeliandika mita thelathini. Yadi ni fupi kuliko mita. Vitambaa vile havikuibwa, havikuwahi kuwapo. Na pembeni, mara kumi na mbili, jina langu.

"Mwizi wako tumempata, mzee. Ana ndevu nyeupe."

Mpwa wangu, nimefundisha watu dini miaka ishirini na sita, nikiwaonya juu ya dhana mbaya. Siku ile nilipokwenda kutawadha, nilikikwepa kioo.

Zilipita siku nne kabla sijathubutu kwenda kwa mama yako. Nilimkuta jikoni akichambua mchele, nikamwomba radhi kwa sauti ya chini. Hakuinua macho.

"Umenituhumu mbele za watu, kaka. Radhi unaniletea jikoni?"

Kesho yake nikawakusanya dukani mama yako, fundi cherehani na wale wateja wawili, nikakiri yote kwa kinywa changu. Mama yako alisikiliza hadi mwisho, akauchukua ufunguo wake. "Haya, sogea," akaniambia, "kuna mtu anataka kupimiwa."

Limebaki moja, na ndilo linaninyima usingizi. Juzi aliniuliza kwa nini wiki tatu hujampigia simu. Anadhani amekukosea kwa jambo asilolijua. Habari za barua yangu hana, nami nikajitia kukunja vitambaa. Leo, baada ya swala ya alasiri, nitamwambia. Akinifukuza, ni haki yake.

Nisalimie mkeo, wanao, na kaka yako mkubwa mkionana. Mola awahifadhi, na awakinge na ulimi kama wangu.

Usingoje mimi na mama yako tuyamalize. Ukisoma hapa, mpigie. Salamu zangu usimpe; mpe zako tu, na uzirefushe.

Mjomba wako, akupendaye na akuonaye haya.