Samaki wa Nyongeza

Jumamosi jioni, Ruiri. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya Julai imeingia mpaka kwa mifupa. Lakini mimi sitetemeki kwa baridi.

Naogopa. Wacha niseme tu hivyo.

Mnaopita hapa kwa blogu mnajua habari za tangi langu la kioo. Binti yangu Makena, wa miaka sita, aliona samaki wa baharini kwa daktari wa meno mjini Meru, akanyamaza kulia papo hapo. Nikasema na mimi nitafuga. Majirani walicheka! Samaki wa maji ya chumvi, huku kwa ng'ombe na viazi? Hata Baba Makena aliniuliza kama nitawakama.

Kuchagua sikufanya haraka. Tangi ni dogo, linakaa juu ya meza ya redio, kwa hivyo nilisoma mpaka macho yakauma. Wale bapa wa buluu wanataka nafasi ya kukimbia, nikawaacha. Wale weusi wadogo ni wagomvi, wanawatesa wenzao mpaka wafe, nikawaacha pia. Nikachukua wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Wapole sana. Makena amezoea kuwalisha kwa mkono, anakunja sweta na kuingiza mkono majini, nami hufurahi kumtazama.

Wiki hii nikaagiza wa tatu, kadogo kanakochimba mchanga na kuusafisha. Muuzaji wangu yuko Mombasa, tunaongea kwa simu tu. Tulipokubaliana bei, mdomo wangu ukafanya ulivyozoea. Mimi nimelelewa Kangeta. Sijawahi kununua kitu, hata nyanya, bila kusema "na uniongeze". Kwetu kutoomba nyongeza ni kama kuondoka bila kuaga. Nikamwambia, "Sasa niongeze kitu, bwana." Akacheka, akasema atanifurahisha.

Alhamisi kifurushi kikafika na samaki wawili. Yule wa nyongeza alikuwa na mistari ya kahawia na mapezi marefu kama manyoya ya jogoo. Mrembo jamani! Sikuuliza jina lake. Nani huuliza maswali kwa kitu cha bure? Mimi niliyewachunguza wengine hivyo, huyu nikamtia tu majini.

Leo mchana nikaona kale ka kuchimba mchanga hakapo. Nikainua mawe, nikaangalia nyuma ya pampu, wapi! Na huyu mrembo ametulia, tumbo limevimba. Nikampiga picha, nikamtumia muuzaji kumuuliza ni samaki gani huyu. Kabla hajajibu, nikakaa mezani nikatafuta mwenyewe kwa simu. Anaitwa samaki simba. Hula samaki wadogo. Hukua akashinda tangi kama langu. Na miiba ya mgongo wake ina sumu. Ikimchoma mtu mzima, hulia kwa uchungu. Ikimchoma mtoto, akimbizwe hospitali.

Nikainua macho.

Makena alikuwa amepanda kiti, mkono majini mpaka kiwiko. Samaki alikuwa karibu na vidole vyake, na miiba imesimama yote.

Nilitaka kupiga nduru. Lakini nikipiga nduru atashtuka, na akishtuka atamgusa. Aki sijawahi kuogopa hivyo maishani. Nikamwongelesha kwa Kimeru, polepole, vile huwa namwongelesha akiwa na usingizi, nikamwambia atoe mkono kidogo kidogo.

"Lakini mami, anakuja kwangu," akasema. "Ananipenda."

"Najua, kairitu. Toa tu."

Akauvuta. Samaki akaufuata mpaka juu kabisa.

Ulipotoka majini nilimnyakua, tukaanguka chini wote wawili. Nikakagua ule mkono mbele na nyuma, kidole kwa kidole. Hakuna kitu. Akaanza kulia kwa sababu aliniona mimi nalia.

Muuzaji alipopiga simu hakuwa hata na wasiwasi. "Mama, si wewe uliyetaka nyongeza? Basi mimi nimekupa mzuri kuliko wote. Ila huyo hashikwi." Nikakata simu.

Sasa yuko kwenye ndoo yenye kifuniko, ndani ya stoo, na mlango nimefunga kwa kufuli. Nimemwekea hita ya akiba asife kwa baridi, maana si kosa lake kuzaliwa na sumu. Baba Makena amesema Jumatatu arudishwe pwani. Mimi nimeenda kutikisa lile kufuli mara sijui ngapi. Najua samaki hafungui ndoo. Naenda tu.

Naandika haya kwa kidole gumba kimoja. Mkono wangu mwingine umeshika wa Makena, hapa kwa kochi, na ameshaniambia namuumiza. Nimelegeza kidogo. Kuuachilia, bado siwezi.