Kiti cha Dramu cha Radi ya Shanwe

Doha

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta wewe na Mama mkiwa wazima, na mahindi ya Mwamkulu yameshapaliliwa. Mimi sijambo. Kazi ya kusafisha viyoyozi inaendelea, joto tu ndilo linanichosha. Nakuandikia kwa kalamu maana kwenye simu husikii tena. Masikio yako yameliwa na spika zako mwenyewe. Pole, lakini ndiyo kweli.

Mama alinipigia Jumapili. Kaniambia mpiga dramu wako amehamia bendi moja ya Sumbawanga, na umeapa kuivunja bendi yako, Radi ya Shanwe, nisiporudi kukaa kwenye kiti chake. Nilicheka kwanza, halafu nikahuzunika.

Baba, hiyo bendi nani hajaihama? Wewe na Baba Mdogo Onesmo mliianza kwa kanda za roki alizowaachia mzungu mchimba visima, mkauza tumbaku mkanunua magitaa, mji mzima ukasema mmeleta kelele. Baba Mdogo akaondoka na gitaa la solo hadi Tabora. Mwimbaji wenu akaokoka, akaacha bendi, akarudi, akaokoka tena. Mpiga besi aliaga anakwenda machimbo ya dhahabu wiki moja tu, mpaka leo hajaonekana. Kila mara ulitafuta mwingine, na Jumamosi mkapiga. Wa mwanzo mliobaki ni wewe na jenereta, na bado watu wakisikia magitaa yenu yanavyokwaruza wanajua hiyo ni Radi.

Wote hao uliwapokea, hata wasiojua kushika gitaa. Leo anayejua kupiga yupo nyumbani kwako, mdogo wangu Konsolata, na ndiye unayemkataa. Sababu naijua. Dramu kubwa ya bendi ni ngoma ya babu iliyolazwa ubavu, ile aliyovuka nayo kutoka Burundi, na kwetu mwanamke huicheza ngoma lakini haipigi. Mama anasema ulimwambia, "Labda nife ndiyo utaigusa." Tangu siku hiyo mtoto hali chakula pamoja nanyi. Hilo limeniuma sana.

Mama amenitumia video ya siku uliyomkuta anapiga na wenzake mazoezini. Umesimama umempa mgongo, umenuna. Lakini tazama mguu wako wa kulia, Baba. Unapiga naye! Nilipokuwa napiga mimi, mguu huo ulikuwa unanisubiri niufikie.

Kwa hiyo sirudi kwenye kiti hicho. Nasema kwa heshima, wala sina hasira. Hata mkataba wangu ukiisha kesho, nitarudi kulima na kuwaona nyie, siyo kupiga dramu. Mimi ni mpigaji wa kuridhisha tu. Yeye ni mpigaji hasa.

Halafu kuna jambo moja. Babu alipozeeka alikukabidhi ngoma wewe, mzaliwa wake wa kwanza. Nawe ukanikabidhi mimi, mbele ya wazee wa Mwamkulu, ukanishikisha vijiti ukasema, "Kuanzia leo ni yako. Hakuna wa kukupangia, hata mimi mwenyewe." Sikuomba wakati ule. Lakini ulisema, na wazee walisikia. Mila ni mila, Baba, hatuwezi kuishika upande mmoja. Ngoma ni yangu, na mimi nimempa Konsolata.

Nisalimie Mama, na shangazi anayeuza vitenge sokoni, na mwimbaji wako kama hajaokoka tena. Baba Mdogo akipita hapo Mpanda, mwambie gitaa lile bado tunalidai.

Konsolata sijamwandikia neno. Ningeweza kumwambia mwenyewe kwamba ngoma ni yake. Lakini namjua mdogo wangu: asiposikia kwako, hatakaa kwenye kiti kile hata nikimpa mara mia. Waite wazee, Baba. Mwambie wewe.

Mwanao,
Yeremia